Nusu Iliyosuguliwa

Kazi yangu ni kuunguza uji. Watu wakiniuliza nafanya nini kiwandani nawajibu hivyo, nao hucheka, kisha hungoja niwaambie kazi yenyewe. Kazi yenyewe ndiyo hiyo. Kila asubuhi nachanganya maziwa, sukari na unga, nagawa kwenye sufuria kumi na mbili, nabandika motoni na kusimama pale mpaka ushike chini na kuwa mweusi ti. Jikoni kwa mtu mwingine ningeshafukuzwa zamani. Pale nina mshahara na sare.

Kiwanda chetu kinatengeneza madodoki. Si yale ya mmea yanayokaushwa juani. Haya yetu ni ya nailoni, ya kijani, bapa, magumu, yale ambayo kila jiko lina moja limechoka pembeni ya sinki. Nyuzi hutufikia katika marobota, nyeupe na nyepesi, ukipiga chafya zinahama. Mashine inazichana na kuzitandaza kama godoro jembamba, kisha zinapuliziwa gundi iliyochanganywa na rangi na unga wa madini makali. Unga huo ndio meno ya dodoki. Halafu Fundi Tanuri, mtu mfupi mwenye mdomo mrefu, anapitisha tandiko zima kwenye tanuri lake mpaka gundi ishike, linageuzwa, linapuliziwa upande wa pili, linarudi motoni, na mwisho linakatwa vipande. La kijani lina meno. Jeupe halina, hilo ni la kung'arishia. Jeusi tunawatengenezea watu wa mashine za kusugulia sakafu, na huwa nawaonya wafanyakazi wageni wasilipeleke nyumbani, maana linaondoa uchafu na kuondoka na sufuria.

Mimi nakaa mwisho wa mstari. Nabandika utepe katikati ya sufuria iliyoungua, nasugua nusu moja mara sitini, nusu ya pili siigusi. Hiyo isiyoguswa tunaiita shahidi. Bila shahidi, anasema mkurugenzi wetu, mtu yeyote anaweza kununua sufuria mpya na kudai ameisafisha. Mkurugenzi mwenyewe tunamwita Bwana Sampuli, kwa sababu hana mfuko usio na kipande cha dodoki, lakini asikusikie. Siku moja alitoa kimoja akidhani ni kitambaa, akajifutia jasho usoni. Kilikuwa cha kijani.

Mwaka huu tulileta dodoki la nyuso mbili: upande wa kijani wa kusugua, upande mweupe wa kung'arisha. Bwana Sampuli akamwita mnunuzi, mwanamke mwenye maduka mengi na asiyedanganyika. Akazitazama sufuria zangu kumi na mbili, zote nusu zinang'aa, nusu nyeusi. Hakupepesa.

"Hizi umeziunguza leo asubuhi," akaniambia.

"Ndiyo, dada."

"Wateja wangu hawana masizi ya leo asubuhi. Wana masizi ya miaka. Alhamisi nitarudi, mnionyeshe masizi ya miaka. Na dodoki lisikwaruze. Likikwaruza, tusipotezeane muda."

Alipoondoka tukaanza kuulizana nani ana sufuria ya namna hiyo nyumbani. Fundi Tanuri akasema kwake hapatikani kitu, mke wake anasugua mpaka yeye ananyolea ndevu kwenye mfuniko. Wengine wakaahidi kuulizia kwa mashangazi. Mimi nilinyamaza, kwa sababu nilijua sufuria moja.

Mimi na Mama tunaishi wawili tu. Nimefanya kazi kiwandani miaka kumi na moja, na katika miaka hiyo yote sijafanikiwa kuingiza dodoki jikoni kwa mama yangu. Kinyozi hajinyoi, wanasema. Mimi nilinyimwa hata kichwa cha mama mzazi. Ndani ya sufuria anaosha kwa kitambaa na sabuni, safi kabisa. Chini, kwa nje, hapaguswi. "Weusi ndio unaopika," husema. "Sufuria inayong'aa chini haishiki moto." Na zilikuwa nyeusi zote, ila ile ndogo ya maharage ndiyo ilikuwa mama yao. Masizi yake yalikuwa na magamba. Ukiiweka mezani inaacha duara.

Wiki ile Mama alikuwa amekwenda kumuuguza mama mdogo goti, arudi Jumamosi. Basi nikaichukua. Sikuomba, kwa kuwa aliyepaswa kuombwa hakuwepo, na nilijiambia kwamba akiiona nusu yake inang'aa atafurahi. Mtu akitaka kujidanganya hakosi maneno.

Hapa lazima niseme habari za Mama Pacha, maana bila yeye hamtaelewa kilichonipata. Anakaa ng'ambo ya barabara, nyumba inatazamana na yetu mlango kwa mlango. Yeye na Mama walikuwa chanda na pete. Walisukana nywele, kila mmoja alikaa na watoto wa mwenzake kama wake, na mimi na pacha wake, wasichana wawili wa rika langu, tulikula popote njaa ilipotukuta. Nilipokuwa na miaka tisa kukawa na sherehe mtaani. Kila nyumba ikatoa vyombo, vikaoshwa pamoja, vikarudishwa. Sufuria moja ya Mama Pacha haikurudi. Akaja kuuliza, Mama akasema hana. Akauliza tena, kwa sauti, mbele ya watu waliokuwa wakikunja maturubai, na neno mwizi likatoka. Mama akaapa. Aliapa kwa watoto wake, yaani mimi. Tangu siku ile hawakusemeshana, miaka ishirini na mitano, na barabara yenyewe ni hatua kumi na sita.

Alhamisi mnunuzi alifika kabla ya chai. Nikaigeuza sufuria juu chini mezani, nikabandika utepe, nikalowesha dodoki, nikaanza. Fundi Tanuri alikuwa akinihesabia kwa sauti, kazi ambayo hakuna aliyempa. Kufika ishirini maji yalikuwa meusi kama wino. Thelathini, magamba yakaachia. Arobaini, bati likaanza kuchungulia, na Bwana Sampuli akaanza kupumua tena. Kwenye arobaini na tano mnunuzi akainama.

"Simama hapo. Limekwaruza."

Nikatazama. Kweli, palikuwa na mistari. Niliogopa kwa ajili ya dodoki tu, sikuwa na jingine kichwani. Nikapitisha ukucha. Mistari ilikuwa ya kina, mipana, ya zamani, na dodoki halichimbi hivyo hata ukilisugua mwaka.

"Hii si mikwaruzo, dada," nikasema. "Ni alama. Imepigwa kwa msumari. Subiri nikuonyeshe."

Nikasugua kumi na tano zilizobaki kwa nguvu zote, kisha nikageuza upande mweupe nikang'arisha, nikiwa na haraka ya kulitetea dodoki langu. Nilipofuta maji, nusu ile ilikuwa inameremeta, na katikati yake, wazi kabisa, palikuwa na misalaba miwili midogo, mmoja ubavuni mwa mwenzake.

Kila chombo cha Mama Pacha kilikuwa na misalaba miwili. Sufuria, sinia, hadi kikombe cha bati ambacho mimi mwenyewe nilikinywea maji. Mmoja kwa kila pacha.

"Alama ya nani?" mnunuzi akauliza.

"Ya mwenyewe," nikajibu.

Wakapiga makofi. Mnunuzi akapeana mkono na Bwana Sampuli, na Bwana Sampuli akaikumbatia sufuria, masizi yakamchora shati. "Hii ndiyo picha ya pakiti," akasema. "Jumatatu namleta mpiga picha. Nusu nyeusi, nusu hii. Na hiyo misalaba iwe mbele, watu waone ni sufuria ya kweli ya nyumbani, si ya dukani." Mnunuzi akaitikia kwa kichwa. Pakiti zingekuwa kwenye kila duka lake, na duka mojawapo liko mwisho wa mtaa wetu. Mama Pacha hununua sabuni hapo.

Fundi Tanuri aliniona nimesimama na dodoki linadondosha maji viatuni.

"Umeona jini?"

"Nimeona jirani," nikasema.

Ijumaa nilimwambia Bwana Sampuli kwamba mwenye sufuria anaihitaji mwisho wa wiki. Akakubali kwa shingo upande. "Lakini usimguse shahidi," akasema, na akaifunga utepe mwenyewe kama mtoto anayepelekwa safari. Kabla ya kutoka nilipitia rafu ya madodoki ya sakafu, nikachukua moja jeusi, nikalitia mkobani. Nilijua linaweza nini. Misalaba ile ingestahimili mara sitini, labda themanini, halafu ingekuwa haijawahi kuwepo. Ningemwambia Bwana Sampuli nilikosea. Usiku na mchana nililiwaza hilo, na sijivunii.

Jumamosi mchana Mama akaingia na mikoba yake, akasalimia, akaenda moja kwa moja jikoni. Halafu sauti.

"Sufuria yangu ya maharage iko wapi?"

"Kaa kwanza, Mama."

"Nimekaa kwenye basi saa nne. Sitaki kukaa. Iko wapi?"

Nikaitoa kwenye mfuko, nikaiweka mezani, chini juu. Nusu nyeusi, nusu inang'aa, na misalaba.

Mama akakaa.

Hakushtuka. Hilo ndilo lililonishtua mimi. Nilikuwa nimejiandaa kwa ukali, kwa viapo, kwa kuambiwa kwamba nimeleta sufuria siyo. Yeye alinyoosha kidole akagusa msalaba mmoja, kisha wa pili, kama mtu anayehakikisha kwamba yote miwili ipo.

"Ni ya Mama Pacha," nikasema.

"Najua ni ya nani."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya tatu." Akavuta pumzi. "Ilikuwa imeingia ndani ya ile sufuria yangu kubwa, imekaa humo vizuri, imefunikwa. Waliobeba vyombo walipanga tu kubwa na ndogo. Siku ya tatu nafungua nipike, naikuta. Na mimi nimeshaapa. Nimeapa kwako, mbele ya mtaa mzima."

"Si ungerudisha, ukasema ulikuwa hujui?"

"Nani angeamini? Nikasema ngoja hasira zipoe, nitapeleka. Wiki ikapita. Halafu mwezi. Kila siku ilivyozidi kwenda, ndivyo ilivyozidi kuonekana wizi. Nikaanza kuipikia, iungue, iwe nyeusi, ifanane na zangu. Na zangu nazo nikaacha kuzisugua, zifanane nayo."

Nikamtazama mama yangu. Miaka kumi na moja nikimletea madodoki, ya kijani, ya bluu, kwa ukubwa wote, naye anayashika kwa ncha za vidole na kuyarudisha. Weusi ndio unaopika. Mimi nilikuwa nafikiri ni ukaidi wa uzee.

Nilikasirika. Tena sana, na nilisema. "Mama, mimi nilikuwa na miaka tisa. Ulininyima wale pacha. Nilikuwa nawasalimia kwa macho tu, kama mtu ana ugonjwa."

"Najua."

"Hujui."

"Nilikuwa nakuona dirishani," akasema. "Kamba yako ya kuruka ulikuwa unafunga ncha moja kwenye nguzo, kwa sababu huna wa kuishika. Unazungusha kwa mkono mmoja huku unaruka. Nilikuwa nakuona kila siku."

Nilikuwa nimeisahau ile nguzo, au nilidhani nimeisahau.

Baadaye nikamweleza habari ya picha, pakiti na Jumatatu. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu. "Nyinyi hamna dodoki la kufuta hata hiyo misalaba?"

Nikafungua mkoba, nikaweka lile jeusi mezani karibu na sufuria. "Hili hapa. Mara themanini hivi."

Alilichukua. Lilikuwa dodoki la kwanza toka kiwandani kwetu ambalo mama yangu alilishika kwa kiganja kizima. Akalijaribu kwenye kucha ya kidole gumba, kucha ikatoka unga.

"Linakula," akasema.

"Ndiyo kazi yake."

Akaliweka juu ya msalaba wa kwanza. Mimi nikatazama pembeni, kwa kuwa nilikuwa nimeshaamua kwamba chochote atakachofanya sitasema neno. Nilisubiri kusikia mkwaruzo. Sikuusikia. Nilipogeuka alikuwa amelisukuma hadi ukingoni mwa meza.

"Toa kitu hicho hapa," akasema. "Unipe na mtandio wangu."

Hatua kumi na sita. Nilimfuata nyuma, nikizihesabu, naye amebeba sufuria kwa mikono miwili kama ina mchuzi wa moto. Akabisha hodi. Mama Pacha akafungua, miwani juu ya kichwa. Aliponiona mimi akatabasamu, alipomwona Mama akaacha. Hakusema karibu. Wakasimama hivyo hata mimi nikaanza kuona aibu kwa niaba yao.

Mama akamgeuzia sufuria chini juu, akamwonyesha.

Mama Pacha akashusha miwani. Akaipokea, akaisogeza kwenye mwanga, akasoma alama yake mwenyewe. Alichukua muda wake.

"Umeichelewesha," akasema.

"Nimeichelewesha."

"Kwa hiyo siku ile nilikuwa sahihi."

"Siku ile hapana," Mama akasema. "Siku ile nilikuwa sijui, niliapa kweli. Mwizi nimekuwa tangu siku ya tatu. Sikuja kujitetea. Nimekuja kuirudisha na kukuomba radhi."

Mama Pacha akaikumbatia ile sufuria upande wa masizi, blauzi yake ya njano ikaharibika, wala hakuangalia. "Wewe mwanamke," akasema. "Sufuria nilinunua nyingine mwezi uleule. Wewe sikupata pa kukununua."

Mama yangu alilia pale pale mlangoni. Sijawahi kumwona akilia hivyo, hata msibani kwa Baba. Nikapata shughuli ya ghafla ya kukagua bawaba za mlango, na ni Mama Pacha aliyetuvuta ndani wote wawili kwa mkono wake ulio huru, akilalamika kwamba tunaingiza vumbi.

Ndani alitutuliza kwanza, akatupa maji, halafu akaigeuza tena sufuria kwa jicho la mwenye mali. "Na upande huu mbona mmeuacha?"

"Huyo ni shahidi," nikasema. Ikabidi nieleze yote, na nilipofika kwenye pakiti nikakwama. "Picha tutaizuia, Mama Pacha. Nitamwambia bosi wangu sufuria si yetu."

"Kwa nini mzuie? Sufuria si ni yangu? Aje aniombe."

Nikamtazama Mama. Misalaba ile kwenye kila duka, na mtaani wapo wengi wanaoikumbuka. Aliifikiria kidogo huku akifuta macho kwa ncha ya mtandio.

"Iache ionekane," akasema.

Jumatatu Mama Pacha alifika kiwandani mwenyewe, amebeba sufuria, amevaa nguo ya kutokea. Alimpa Bwana Sampuli ruhusa kwa sharti moja, misalaba isifichwe na maandishi. Fundi Tanuri akamwonyesha tanuri lote bila kuombwa. Mpiga picha alipomaliza, Mama Pacha akadai dodoki na kumsugua shahidi pale pale hadi mwisho, Bwana Sampuli akitazama kwa uchungu.

Pakiti za kwanza zilipotoka nilipeleka moja nyumbani. Mama Pacha alikuwa jikoni kwetu, amekaa kiti cha karibu na dirisha ambacho sasa ni chake. Wakaitazama picha, wakapokezana miwani. Kisha Mama akaipasua pakiti kwa meno, akatoa dodoki, akazishusha sufuria zake zote rafuni, kubwa na ndogo, nyeusi zote, akafungua maji.

Akasugua ya kwanza mpaka ikang'aa, akaiweka kando ichuruze maji.

"Igeuze kwanza," Mama Pacha akasema kutoka kitini. "Tuone ni ya nani."

Mama akaigeuza. Haikuwa na alama yoyote. Akachukua ya pili, akaisugua, akaigeuza bila kuambiwa, akimwinulia aione vizuri, na akafanya hivyo kwa zote, moja moja, mpaka zikaisha.